Kupima wananchi wanavyoipokea hotuba ya mgombea kuhusu rangi: tuanzie wapi hapa Dodoma?

Zabibu Mbichi

Wakuu, habari za jioni.

Kuna zoezi la somo la mawasiliano ya umma. Tunatakiwa tuchague hotuba moja ya mwanasiasa kuhusu rangi au asili ya watu, tuwasikilizishe wananchi wa kawaida, kisha tuandike wameipokeaje. Kundi letu la watu watano limechagua ya Obama, ile ya kwenye mkutano mkuu wa chama chake iliyomfanya ajulikane na kumaliza suala la mchungaji wake. Mpango ni kukusanya watu 60 wa Chang'ombe na Nkuhungu kwenye ukumbi mmoja, kuwaonyesha video yenye maandishi ya Kiswahili chini, halafu dodoso lenye maswali mawili: "Umeipenda hotuba?" na "Ungempigia kura?" Tuna wiki tatu. Fedha iliyopo ni ya nauli, soda na karatasi.

Wapi panaharibika? Na mwenzetu mmoja anasema tuachane na Mmarekani, tutumie maneno ya Mwalimu. Ushauri tafadhali.

---

Mnada wa Msalato

Mkuu, kabla ya ukumbi rekebisheni kwanza hotuba yenyewe, maana mmechanganya mbili.

Ya mkutano mkuu wa chama ni ya Boston, Julai 2004. Wakati huo Obama alikuwa anagombea useneta wa Illinois, na mchungaji hakuwa habari. Mnayoitaka ninyi ni ya Philadelphia, Jumanne tarehe 18 Machi 2008, kwenye jengo la National Constitution Center, akiwa katikati ya kinyang'anyiro na Hillary Clinton cha kupata tiketi ya Democratic. Ina dakika kama 37. Chanzo chake: siku tano kabla, tarehe 13 Machi, televisheni ya ABC ilirusha vipande vya mahubiri ya Jeremiah Wright wa kanisa la Trinity, Chicago, akiilaani Marekani kwa inavyowatendea watu weusi. Wright ndiye aliyefungisha ndoa ya Obama na kuwabatiza watoto wake, kwa hiyo "simjui" haikuwezekana.

Kosa la pili ni kusema hotuba ilimaliza suala. Haikumaliza. Tarehe 22 Aprili Clinton alishinda Pennsylvania, jimbo lile lile ilikotolewa hotuba, kwa takribani 55 kwa 45. Tarehe 28 Aprili Wright akapanda jukwaani National Press Club mjini Washington akarudia mambo yake na kuongeza mengine. Kesho yake Obama akamkataa waziwazi, na tarehe 31 Mei akajitoa kanisani. Yaani lile neno lililosifiwa sana Machi, kwamba hawezi kumkana mchungaji kama asivyoweza kuikana jamii ya weusi wala bibi yake mzungu, lilidumu wiki sita tu. Mkiwaambia wasikilizaji "hotuba iliyomaliza mgogoro" mmeshawalisha jibu.

Sasa kuhusu maswali yenu mawili, tazameni matokeo ya Wamarekani wenyewe. Kura ya maoni ya CBS siku mbili baada ya hotuba ilikuta asilimia 69 ya wapiga kura walioisikia au kusoma habari zake wakisema kalifanyia kazi nzuri suala la rangi. Lakini saba kati ya kumi walisema mambo yote hayo hayabadilishi kura yao. Waliosema itabadilisha waligawanyika sawa: asilimia 14 wakasogea kwake, asilimia 14 wakasogea mbali naye. Hapo ndipo penye mtego wa zoezi lenu. "Umeipenda?" inapima kitu kimoja, kura inapima kingine, na mtu anaweza kusifia hotuba hadi mwisho na asisogee hata inchi.

Kingine cha kuzingatia: kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo tarehe 27 Machi, asilimia 85 walikuwa wamesikia angalau kidogo kuhusu hotuba hiyo. "Kuhusu" ndiyo neno la kupigia mstari. Nani alikaa dakika 37 saa za kazi Jumanne? Wengi walipata sekunde thelathini za bibi na sekunde kumi za Wright, na maoni ya mtangazaji juu yake. Ukimkalisha mtu ukumbini dakika 37 unapima kitu ambacho umma wa Marekani kwa sehemu kubwa haukukipitia.

---

Kalamu ya Makole

Naongezea upande wa tafsiri, kwa sababu hapo ndipo zoezi lote linaweza kufa kabla msikilizaji hajafungua mdomo.

Kichwa cha hotuba, "A More Perfect Union", kimetokana na utangulizi wa Katiba ya Marekani. Mkikitafsiri kwa neno "Muungano", mtu wa Chang'ombe atasikia Tanganyika na Zanzibar, 26 Aprili 1964, na kero za Muungano. Dakika tano za mwanzo zote atakuwa anasubiri mtajie Zanzibar. Andikeni "umoja" au "taifa lililo kamili zaidi".

Neno la rangi lenyewe. "Kabila" msiliguse kabisa, hata kama mtafsiri wa mashine atawaletea. Ukisema "ubaguzi wa kikabila" hapa Dodoma, watu wanaanza kuwaza Mgogo na Mrangi, na majibu utakayopata ni ya jambo jingine. "Mbari" ni neno la vitabuni. "Ubaguzi wa rangi" ndilo linaloeleweka moja kwa moja.

"Mmarekani mweupe" nalo ni kosa. Kwa masikio yetu mweupe ni Mbantu mwenzetu mwenye ngozi nyeupe kidogo, dada mweupe, mtoto mweupe. Semeni Mmarekani mzungu na Mmarekani mweusi, mwisho wa habari.

Pale anapouita utumwa dhambi ya asili ya taifa: Wakatoliki wataelewa mara moja, lakini "asili" hiyo hiyo mtakuwa mmeitumia kwa maana ya mahali mtu alikotoka. Chagueni moja. Mkiweka "dhambi ya asili" hapo, kwingine andikeni "alikotoka".

Hasira. Kuna sehemu mbili nzito: hasira ya weusi ambayo haisemwi mbele ya wazungu ila husikika kinyozini na mezani, na kinyongo cha wazungu wa kipato cha chini wanaoona watoto wao wanapelekwa kwa basi shule za mbali na nafasi za kazi zinatolewa kwa kigezo cha rangi. Zote mbili mkiziita "hasira" mmezisawazisha kwa tafsiri. Ya kwanza ina uchungu ndani yake, ya pili ni kinyongo. Na hiyo ya mabasi haieleweki bila maelezo: mahakama za Marekani ziliagiza wanafunzi wasafirishwe mitaa mingine ili shule zichanganyike. Bila sentensi hiyo msikilizaji wetu, ambaye angefurahi mtoto wake apewe basi la bure, atashangaa mzungu analalamikia nini. Wekeni maelezo hayo kwenye utangulizi, msiyachomeke katikati ya hotuba kana kwamba ameyasema Obama.

Halafu "kumkana". Ndilo neno sahihi, lakini lina Petro ndani yake. Ukimsomea mtu aliyelelewa kanisani "siwezi kumkana", jogoo anawika kichwani mwake hapo hapo, na Obama anapata sifa ya kuwa bora kuliko mtume. Mbadala ni "kumkataa" au "kuvunja uhusiano naye", na mimi ningechukua "kumkataa". Ni kavu, lakini haibebi alama za bure.

Maandishi chini ya video yaacheni. Mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole hawezi kuwahi mistari miwili inayokaa sekunde nne, na macho yake yataishia kwenye bendera zilizopangwa nyuma ya msemaji. Rekodini sauti ya Kiswahili, msomaji mmoja, sauti ya kawaida, si ya mahubiri. Hotuba ina maneno karibu elfu tano ya Kiingereza. Msijidanganye kwamba Kiswahili chake kitatoshea dakika zile zile. Someni ukurasa mmoja kwa saa ya mkononi, zidisheni, ndipo mpange muda.

---

Zabibu Mbichi

Asanteni sana, marekebisho ya Boston yametuokoa aibu. Swali: tukiacha video, watajuaje ni Obama? Na kama dakika 37 nzima si sahihi, tukate wapi?

---

Dodoso Halidanganyi

Kwamba watamjua ni Obama ndilo tatizo lenyewe, wala si la kulitafutia video.

Mnafanya zoezi baada ya mtu huyo kuwa Rais miaka minane. Kila mtu ukumbini anajua alishinda, na wengi wanajua baba yake alikuwa Mkenya. Akitajwa tu, makofi. Swali la "ungempigia kura?" hapo halina maana: wanampigia mtu aliyekwisha kushinda, tena mtoto wa jirani. Mwondoeni jina. Semeni "mgombea mmoja wa nchi ya nje, mama yake mzungu, baba yake mweusi", na sentensi inayotaja Kenya msomaji aipite. Hicho ni kificho, kwa hiyo mwisho wa zoezi mnawaambia wote alikuwa nani, mmeficha nini na kwa nini, na anayetaka karatasi yake iondolewe mnaiondoa. Wengine watabahatisha. Wekeni swali la mwisho kabisa: "Unadhani ni nani?" Waliobahatisha sawa mnawachambua peke yao.

Kukata: badala ya ukumbi mmoja tumieni vyumba vitatu vya watu 20, na kila chumba kisikie kitu tofauti. Chumba A kinasikia hotuba yote. Chumba B kinasikia dakika tatu tu, kipande cha mchungaji na bibi aliyekiri kuwaogopa wanaume weusi waliompita barabarani. Chumba C hakisikii hotuba kabisa, kinasomewa habari ya nusu ukurasa: mchungaji amesema hivi, mgombea amejibu hivi. Hapo mtajua tofauti kati ya kusikia na kusikia kuhusu, jambo ambalo Mnada amelieleza vizuri.

Mgawanyo uwe wa bahati nasibu kweli. Vipande 60 vya karatasi, 20 A, 20 B, 20 C, vikunjwe sawa, viwekwe kwenye mfuko usioonyesha, kila mtu achote mlangoni. Msiseme "wa Chang'ombe waingie huku, wa Nkuhungu kule". Mkifanya hivyo mmepima mitaa. Waliokuja pamoja watataka kukaa pamoja, hasa wamama waliotoka kikundi kimoja cha vikoba. Hapana. Waeleweshwe mapema kwamba watakutana kwenye soda. Alikeni 70 ili mpate 60, na wanaozidi walipwe nauli na waingie chumba chochote, ila karatasi zao zisihesabiwe.

Maswali yaulizwe mara mbili, kabla na baada, yale yale kwa maneno yale yale. Yawe ya hali, yasiwe ya mtu. Mfano:

"Rafiki yako wa miaka mingi amesema hadharani maneno ya kubagua. Ufanye nini? Duara: uvunje urafiki. Pembetatu: uyakatae maneno yake lakini ubaki rafiki. Mraba: unyamaze."

Maumbo hayo ni kwa ajili ya wasiosoma: msomaji anasoma, mtu anaweka alama kwenye umbo. Watu hupenda kutumia kadi za rangi, na nimeshaona pendekezo la kadi nyeusi na nyeupe kwenye utafiti wa ubaguzi wa rangi. Jamani. Wengine hutumia punje kwenye makopo; ni nzuri kwa kuhesabu haraka, ila mnapoteza uwezo wa kujua nani alibadilika, kwa sababu punje haina namba. (Na ikibidi punje, maharage, siyo karanga. Karanga zitaliwa kabla ya swali la tatu.)

Kila mtu apewe namba, iandikwe juu ya karatasi ya kwanza na ya pili. Jina hapana. Bila namba huwezi kuoanisha kabla na baada, na bila kuoanisha watu 20 hawakuambii kitu.

Mkishapata, msianze kutoa asilimia za "wananchi wa Dodoma". Watu 60 wangechaguliwa kwa nasibu mjini kote, kosa lingekuwa kama pointi 13 kila upande, na hawa wenu hawakuchaguliwa hivyo, wamekuja wenyewe. Kwa hiyo ya "Dodoma" sahauni. Mnachoweza kusema ni kama chumba A kimesogea tofauti na B na C.

Namna ya kusoma kusogea: wasiobadilika waacheni pembeni, hesabuni waliobadilika tu. Tuseme chumbani A 12 wamebadilika. Wakiwa 10 wameelekea upande mmoja na 2 mwingine, uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tu ni chini kidogo ya 4 kwa 100, mna la kuandika. Wakiwa 9 kwa 3, unapanda karibu 15 kwa 100, na hapo andikeni tu kwamba hamkuona tofauti ya uhakika. Mtu mmoja ndiye anayetenganisha hali hizo mbili. Ndiyo maana karatasi moja iliyopotea au kusomeka vibaya ni msiba.

---

Ubuyu wa Kondoa

Dodoso kasema yote ila hajagusa adabu yetu. Ukimuuliza mtu mzima "umeipenda?" mbele ya wageni waliomnunulia soda, atasema nzuri sana, hongereni, na Mungu awabariki. Hata kama alilala. Ulizeni kinyume: "Ni neno gani limekukera au hulikubali?" Asipotaja lolote, ulizeni: "Jirani yako ambaye hakuja, unadhani neno gani lingemkera?" Watu hulitoa la moyoni kwa mgongo wa jirani.

Soda itolewe mwisho. Nauli itangazwe mwanzoni kwamba ni sawa kwa wote, ujibu vipi ujibu vipi. Mwenyekiti wa mtaa akishafungua shughuli aombwe kwa heshima apumzike nje, maana akikaa mstari wa mbele karatasi zote zitafanana. Na ninyi watano msivae nguo yenye rangi ya chama chochote. Kuna watu watahesabu hiyo kuwa ni kampeni na wataondoka, au watabaki kwa kutegemea fulana.

---

Zabibu Mbichi

Hii ya jirani tunaichukua. Bado suala la Mwalimu. Mwenzetu anang'ang'ania kwamba mjadala wa uraia wa 1961 ni wa nyumbani zaidi. Na je, tunaweza kuongeza maoni ya mtandaoni ya mwaka 2008?

---

Mnada wa Msalato

Mwenzenu hajakosea hoja. Oktoba 1961 Bungeni kulikuwa na waliotaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa Waafrika tu. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa kwa ukali, akafananisha kuabudu rangi ya ngozi na mambo ya Hitler, na akaifanya kura ile kuwa kura ya imani kwa serikali yake. Na kabla ya hapo kuna Tabora, Januari 1958, TANU ilipokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura akilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Hayo yalikuwa mapokezi ya umma kwa kitendo: watu kuhama chama. Ukija karibu zaidi kuna miaka ya mwanzo ya tisini na neno "gabacholi", la kuwabeza wenye asili ya Kiasia, kwenye mikutano ya mwanasiasa Mtikila, na 1995 Mwalimu akiifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu, kwamba ukishaionja huachi.

Ila kama kifaa cha kupimia, Mwalimu hapa ni mgumu kuliko Obama. Dodoma ukisema "Mwalimu alisema", nani atanyoosha mkono kupinga? Utapata asilimia mia, nayo itakuwa ya heshima. Pia si wa kulinganisha moja kwa moja: 1961 alikuwa anaongoza serikali na ana wingi Bungeni. Obama alikuwa anaomba kura kwa watu ambao sehemu yao walikuwa wamemkasirikia wiki ile ile. Mkimtumia, mtumieni kama chumba cha nne: maneno yale yale ya Mwalimu yasomwe kwa watu 10 bila jina na kwa wengine 10 kwa jina. Tofauti kati ya kumi na kumi itakuwa uzito wa jina. Hilo tu, msilitegemee kwa zaidi ya hapo. Watu kumi ni wachache mno.

---

Kalamu ya Makole

Mtandaoni ndiyo, lakini kwa kanuni.

Idadi ya waliotazama msiifanye idadi ya waliokubali. Video ya hotuba ile ilifunguliwa zaidi ya mara milioni moja YouTube ndani ya siku moja hivi. Kufungua kunahesabiwa kwa aliyefungua kwa hasira, aliyefungua mara sita na aliyefunga baada ya nusu dakika.

Maoni yagawanyeni kwa tarehe kabla ya kuyasoma: 13 hadi 17 Machi watu wanamzungumzia Wright, 18 na 19 hotuba ni mpya, kuanzia 20 Machi kuna kitu kingine, kwa sababu siku hiyo Obama alihojiwa na redio ya Philadelphia akamwita bibi yake mzungu wa kawaida, kwa maana ya hofu zake, na watu wengi wakamkasirikia kwa neno hilo, siyo kwa hotuba. Baada ya 28 Aprili achaneni nayo kabisa. Mkichanganya hizo mtaandika kwamba watu "walibadilika" wakati walikuwa wanajibu tukio jingine.

Hesabuni mtu, siyo maoni. Jina moja lililoandika mara arobaini ni moja.

Kisha chambueni sababu badala ya upande. Walioichukia hotuba hawakuichukia kwa sababu moja. Kuna waliosema amemtetea mchungaji. Kuna waliosema amemtoa bibi yake kafara ili ajiokoe. Kuna waliosema amesawazisha maumivu ya mtumwa na kinyongo cha mtu aliyekosa nafasi ya chuo. Na waliosifu vile vile: wengine walisifu ufasaha tu, wengine walisema kwa mara ya kwanza mwanasiasa kazungumza na taifa kama na watu wazima, Jon Stewart akiwa mmoja wao kwenye kipindi chake cha vichekesho. Hata upande wa pili kulikuwa na mshangao: Mike Huckabee, mchungaji na Republican, alisema waliokua wakiitwa majina na kuelekezwa pa kukaa kwenye basi wakati mwingine huwa na kinyongo, na pengine hata yeye angekuwa nacho. Mkiweka "anaunga mkono / anapinga" yote hayo yanapotea.

Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, maoni 100 yale yale, kila oni kundi moja. Wakishamaliza linganisheni. Wakitofautiana zaidi ya 20 kati ya 100, tatizo ni maelezo ya makundi, wala msimlaumu msomaji. Andikeni upya na mrudie na maoni mengine 100. Yatakayowasumbua ni ya kejeli. "Hongera kwa kumuuza bibi" mashine na msomaji aliyechoka wote wawili wataiweka kwenye pongezi.

---

Dodoso Halidanganyi

La vibali sijaona mtu kaligusa, na wiki tatu ni chache kuliko mnavyofikiri. Anzeni kesho: barua ya chuo ya kuwatambulisha, kisha ngazi ya mkoa kwa Katibu Tawala, kisha Mkurugenzi wa Jiji, kisha Mtendaji wa Kata za Chang'ombe na Nkuhungu, kisha mwenyekiti wa mtaa. Kila meza inataka nakala ya barua ya meza iliyotangulia, na dodoso liambatishwe, kwa hiyo dodoso limalizike kabla ya barua. Kichwa cha barua kisisomeke "mgombea" peke yake. Andikeni "zoezi la darasa kuhusu namna wasikilizaji wanavyopokea hotuba ya kihistoria ya nje ya nchi", ambalo ni kweli, na halimpi karani sababu ya kuipeleka meza isiyohusika. Kipindi cha kampeni msifanye kabisa.

Msichukue namba za simu kwenye karatasi ya majibu. Orodha ya nauli yenye majina na sahihi ikae kwenye bahasha yake, karatasi za majibu kwenye nyingine, zisibebwe na mtu mmoja.

Na ukumbi wenyewe: bati bila dari saa nane mchana ni tanuri, na upepo ukianza kupiga mlango husikii neno. Saa tatu asubuhi Jumamosi ni nzuri, isipokuwa wafugaji na wafanyabiashara watakuwa mnadani Msalato, kwa hiyo sampuli yenu itapoteza wanaume wa aina fulani. Jumapili mchana baada ya ibada inawapata, lakini Wasabato na Waislamu msiwasahau kwenye mialiko. Chagueni, na mwandike kwenye ripoti nani amekosekana.

---

Zabibu Mbichi

Tumekubaliana vyumba vitatu, Mwalimu tumemwacha kwa muhula ujao. Madarasa matatu ya shule ya msingi tumeahidiwa, yamepakana. Kuna shida kwa madarasa yaliyopakana?

---

Ubuyu wa Kondoa

Ipo. Ukuta wa darasa haufiki kwenye bati, sauti ya chumba A itaruka juu na B watasikia yote bure. Wekeni A darasa la mwisho upande mmoja, C la mwisho upande wa pili, B katikati, na B muwasomee kwa mdomo bila spika. Dakika tatu hazichoshi koo. A wakae karibu na spika, sauti ndogo. B na C watamaliza nusu saa kabla ya A, hivyo karatasi za "baada" zijazwe na kukusanywa humo humo, kisha wapelekwe upande wa mwembe wasubiri, na mmoja wenu akae nao huko. Mtu akitoka C akachungulia dirisha la A kumwita shemeji yake, chumba kizima cha A kitajua soda zimefika.